Kusafisha heda katika programu kubwa za C: dhana potofu na ukweli

Wengi wetu tunaoandika programu kwa lugha ya C hapa Arusha tulifundishwa kwamba mistari ya #include, yaani ile inayoingiza heda (faili la matamko linalotumiwa na mafaili mengine), haina madhara hata ikizidi, kwa kuwa kinga ya heda, sharti linaloandikwa ndani ya heda yenyewe, huzuia heda ileile isisomwe mara mbili. Ukweli ni kwamba kinga hiyo hufanya kazi ndani ya faili moja la msimbo (.c) tu; faili linalofuata huanza upya, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, husoma tena heda zote, pamoja na zile zilizovutwa na heda nyingine. Ingo Molnar, mmoja wa watengenezaji wa kernel ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo), alipopendekeza kusafisha heda zake mnamo Januari 2022, alikuja na viraka (mabadiliko ya msimbo) zaidi ya 2,200, akaeleza kuwa kasi ya kuijenga iliongezeka kwa asilimia 50 hadi 80 kutegemea usanidi.

Wapo wanaotarajia pia programu ipungue ukubwa. Kwa kawaida haipungui, kwa sababu matamko matupu hayazalishi msimbo wa mashine.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba ukifuta mstari na programu ikakompailika, basi mstari huo haukuhitajika. Katika ofisi yetu ya Njiro tunatunza programu ya mita za maji, na siku moja nilifuta #include "usanidi.h" kwenye faili lililokuwa na sharti la #if MITA_MPYA, jina linalofafanuliwa ndani ya heda hiyo. Kompaila haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa jina lisilofafanuliwa ndani ya #if huhesabiwa kuwa sifuri. Ikairuka kimyakimya sehemu ya mita mpya na kuchukua ile ya zamani, nasi tukagundua kosa pale tu mita za majaribio zilipoanza kuleta usomaji usioeleweka. Tangu hapo tunawasha chaguo la kompaila la -Wundef, ambalo hutoa onyo jina la namna hiyo linapokutwa, na tunalinganisha mafaili ya .o (yanayotolewa na kompaila) ya kabla na ya baada, yaliyokompailiwa bila taarifa za debagi, yaani za kutafutia makosa. Yakitofautiana, mabadiliko hayapiti mpaka sababu ijulikane. Ninasisitiza hatua hii kwa kila kijana anayejiunga nasi.

Si kweli vilevile kwamba kila struct (kundi la data lenye jina moja) inayotajwa ndani ya heda lazima iletewe heda yake. Kwa pointa, yaani anwani tu ya struct hiyo kwenye kumbukumbu, tamko la "struct mita;" linatosha; ufafanuzi kamili unahitajika pale unapogusa sehemu zake za ndani au kompaila inapohitaji kujua ukubwa wake.

Zana ya include-what-you-use, inayoonyesha mistari ya #include inayohitajika na iliyozidi, husaidia sana, lakini wanaoiamini kwa kila kitu husahau kwamba huona usanidi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila bodi (saketi ya kifaa) ina usanidi wake: heda inayohitajika kwenye bodi ya pili pekee itaonekana kuwa ya ziada kwenye bodi ya kwanza, hivyo sisi huiendesha kwa bodi zote kabla ya kufuta mstari wowote.