Cheti cha utalii endelevu: anzia kwenye daftari la mita

Kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, nchi za Umoja wa Ulaya zinaanza kutekeleza Maelekezo Na. 2024/825. Mfanyabiashara anayewauzia walaji wa huko hataruhusiwa tena kutumia nembo ya uendelevu isiyotokana na mfumo wa uthibitisho au mamlaka ya umma. Kwa mwenye loji Mikindani au Kilwa Masoko, kusini mwa Tanzania, maana yake ni kwamba lile jani la kijani alilochorewa na fundi wa mabango, wakala wake wa Ujerumani hawezi kuliweka kwenye tangazo. Atataka cheti cha kweli.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Baraza la Kimataifa la Utalii Endelevu, GSTC, lenyewe halikagui hoteli wala kutoa vyeti. Linaweka vigezo katika mafungu manne (uongozi wa biashara, manufaa kwa jamii, utamaduni na mazingira) kisha linazipa ithibati taasisi zinazokagua. Mtu akikupigia akuuzie "cheti cha GSTC" ndani ya wiki moja bila kufika kwako, kata simu. Kampuni za kutembeza wageni mara nyingi huenda Travelife, mfumo wa uthibitisho wenye ngazi tatu: Engaged, Partner na Certified, na ngazi ya mwisho ndiyo yenye mkaguzi. Wenye vyumba wanaweza kutazama Green Key, mfumo mwingine ambao cheti chake huhuishwa kila mwaka na vigezo vyake vimegawanyika kati ya vya lazima na vya hiari. Kabla ya kulipa chochote, waulize mawakala wako wawili au watatu wakubwa wanakubali kipi. Cheti kizuri ambacho mnunuzi wako hakitambui ni karatasi tu.

Mkaguzi yeyote ataanza na sheria za nchi. Leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 iwe hai. Cheti cha mazingira kutoka NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, kiwepo. Kama loji ilijengwa bila tathmini ya athari kwa mazingira, dawa yake ni kufanyiwa ukaguzi wa mazingira. Banda la makuti lililosogezwa mchangani ili mgeni anywe dafu miguu ikiwa majini linagongana na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinacholinda mita 60 kutoka baharini. Na kosa la kawaida kuliko yote: walinzi na mabaharia wa boti wanaoitwa vibarua mwaka wa tano sasa, hawana mkataba wa maandishi wala michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mkaguzi ataulizia saa zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na atawauliza wao, si meneja.

Sasa daftari. Kipimo kinachotakiwa ni matumizi kwa kila usiku wa mgeni: wageni 2 wakilala siku 3, hizo ni 6. Chukua mwezi wenye usiku 210 wa wageni na mita ya maji iliyosoma yuniti 84. Yuniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ni lita 84,000, ukigawa kwa 210 unapata lita 400 kwa kila usiku wa mgeni. Fanya hivyo kwa umeme pia, lakini usitegemee meseji za LUKU, umeme wa kulipia kabla: zinaonyesha yuniti ulizonunua, si ulizotumia. Soma mita yenyewe, tarehe ileile kila mwezi. Jenereta iandikiwe lita. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Anza miezi 12 kabla ya kuomba ukaguzi, maana Agosti yenye wageni haifanani na Aprili yenye mvua. Daftari lililojazwa lote siku moja kwa kalamu moja, mkaguzi mzoefu hulijua akifungua ukurasa wa kwanza.

Lita 400 zikikushtua, chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Ikijaa kwa sekunde 40, bafu linatoa lita 15 kwa dakika. Kipimo kinachotumika sana ni lita 9, yaani ndoo ijae kwa sekunde 67 hivi. Chooni, mimina rangi ya chakula kwenye tangi la kuvutia maji, usivute kwa nusu saa. Bakuli likigeuka rangi, mpira wa ndani umechoka. Wenye visima wafunge mita kwenye bomba la pampu. Kisima cha ufukweni kikivutwa kuliko kinavyojijaza, maji ya bahari huingia chini, na mwishoni mwa kiangazi chai ya wageni inaanza kuwa na chumvi. Angalieni pia shimo la maji taka: mwamba wa matumbawe una matundu, na uchafu husafiri kirahisi hadi kisimani.

Manunuzi nayo yana mitego. Boriti za mikoko ziwe na kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Magamba ya kasa na makombe ya bahari yasiuzwe dukani kwako, hata kama aliyeleta ni jirani. Anayepeleka wageni Mnazi Bay, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, awe na stakabadhi za viingilio na utaratibu ulioandikwa wa kutotia nanga juu ya matumbawe. Kilwa Kisiwani, waelezeni wageni kabla ya kushuka botini kwamba vigae na shanga zilizotapakaa mchangani haziokotwi. Kwa vigezo vya utamaduni, maelezo hayo yaliyoandikwa ndiyo ushahidi.

Gharama? Kinachouma zaidi huku kusini ni nauli na malazi ya mkaguzi. Loji tatu za Mtwara zikiomba ukaguzi wiki moja zinaweza kugawana, na ulizeni kama mfumo mliouchagua unakubali cheti cha kikundi. Vijiji vya Kilwa vilipita njia ya aina hiyo kwenye misitu: mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa ajili ya mpingo kupitia shirika la MCDI.

Siku ya ukaguzi, mtunza bustani ataulizwa betri zilizokufa zinapelekwa wapi. Asipojua, hilo litaandikwa kama dosari ndogo na utapewa muda wa kurekebisha. Kukosa kigezo cha lazima huzuia cheti hadi ushahidi utumwe: picha yenye tarehe, risiti, au mkataba uliosainiwa.