Umenunua fleti? Bima ya jengo haijafika ndani kwako

Tangu mvua za masika zianze, dawati letu linapokea wamiliki wa fleti wenye swali moja: "Ada ya huduma za jengo nalipa kila mwezi, jengo lina bima, mbona nimekataliwa fidia?" Wengi wao ni watu makini. Hati pacha, yaani hati ya kumiliki fleti, wanayo, risiti wanazo. Kilichowaponza ni kuamini kwamba umoja wa wamiliki umeshawakatia bima ya kila kitu.

Ada ya huduma si bima. Inalipa mlinzi, usafi, umeme wa ngazi na matengenezo ya lifti. Huenda sehemu yake inalipia bima ya jengo, huenda hailipii, na jibu lake liko kwenye mkataba wa bima wa umoja wenu. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuisoma kabla hujamtafuta wakala. Katibu akikujibu "ipo, usiwe na wasiwasi", bado hajakujibu. Omba nakala uone kiasi kilichokatiwa bima, majanga yaliyotajwa, tarehe ya kuisha, na eksesi, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kampuni hailipi.

Angalia pia bima hiyo inaishia wapi. Mikataba mingine inabeba jengo pamoja na vilivyofungwa ndani na mwendelezaji, yaani aliyejenga na kuwauzia, hadi siku ya makabidhiano. Mingine inaishia kwenye kuta tupu. Makabati ya jiko uliyoweka baadaye, dari ya jipsamu, marumaru ulizobadilisha, viyoyozi: hivyo usipovikatia bima mwenyewe, chukulia kwamba havina bima. Fanicha, nguo, friji na televisheni ndiyo kabisa, havihusiani na bima ya jengo. Na kama umepangisha, vitu vya mpangaji ni vyake, avikatie bima yeye. Wewe huwezi kudai fidia ya sofa lisilo lako.

Sasa kiasi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Tuseme kulijenga upya jengo lenu kutagharimu shilingi bilioni 6, lakini umoja ulikata bima ya bilioni 4 ili ada ya bima ipungue. Moto unatokea na kuleta hasara ya milioni 900. Wengi wanadhani milioni 900 ni ndogo kuliko bilioni 4, basi italipwa yote. Hapana. Mkataba wenye kipengele cha uwiano unasema mmekata bima ya theluthi mbili ya thamani, basi mtalipwa theluthi mbili ya hasara: milioni 600, kabla ya kutoa eksesi. Zinazobaki, milioni 300, ni zenu. Kama mko wamiliki 40 wenye hisa sawa, kila mmoja atachangia milioni 7.5, hata yule ambaye moshi haukufika mlangoni kwake. Nimewahi kuwaeleza hesabu hii watu waliokwisha kuunguliwa, na ni mazungumzo magumu sana. Ifanyeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mapema, mkiwa na mthamini aliyesajiliwa.

Mthamini huyo aulizwe gharama ya kujenga upya, si bei ya soko. Fleti ya Upanga au Masaki inauzwa ghali kwa sababu ya eneo, na ardhi haiungui. Vitu vya ndani vinafuata kanuni ileile ya uwiano: una mali ya milioni 30, umekatia bima ya milioni 15, wezi wakichukua vya milioni 6 utalipwa milioni 3 ukiondoa eksesi.

Kuhusu majanga, bima ya kawaida ya moto hubeba moto, radi na baadhi ya milipuko. Mafuriko, tetemeko la ardhi, bomba kupasuka na vurugu mara nyingi huongezwa kwa kuombwa na kulipiwa. Aliyekuwa Dar es Salaam Desemba 2011 anajua maji yanavyoweza kuingia, na aliyekuwa Kagera tarehe 10 Septemba 2016 hahitaji kuelezwa tetemeko. Maji yanayovuja kidogo kidogo kwa miezi hayalipwi, hayo ni matengenezo. Lakini bomba lako likipasuka kwa uzembe wako na kuharibu dari ya jirani wa chini, atakudai wewe. Kwa hiyo ongeza bima ya dhima kwa wengine. Ukiwa mpangishaji, uliza pia juu ya fidia ya kodi utakayoikosa fleti ikiwa haikaliki.

Wenye mkopo wa benki wasichanganye mambo. Bima ya mkopo inalipa deni ukifariki, haijengi ukuta.

Wamiliki wanaoishi Muscat, Dubai au kwingineko nje, someni kipengele cha nyumba kuachwa tupu. Mikataba mingi inapunguza au kusitisha kinga nyumba isipokaliwa kwa siku 30 mfululizo. Vilevile ukianza kuipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, iandikie kampuni. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao wa kukupa bima, mkataba unaweza kubatilishwa hata kama umelipa ada miaka mitano. Kughushi risiti au kuongeza vitu ambavyo hukuwa navyo ni jinai, na kunaweza kukukosesha fidia yote, ile ya halali ikiwemo.

Lipa ada ya bima kabla ya kuhesabu kwamba una bima. Ahadi ya wakala kwa simu haianzishi kinga. Dai hati ya bima yenye namba ya kumbukumbu, kisha ihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Isipoonekana, usiondoke ofisini bila maelezo ya maandishi.

Hasara ikitokea, itaarifu kampuni mara moja, kwa maandishi. Wizi upate taarifa ya polisi, moto upate taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Piga picha. Zuia uharibifu usiendelee, kwa mfano funga maji, ila usibomoe wala kupaka rangi kabla mkadiriaji wa hasara hajafika. Vilivyoharibika usivitupe. Kama kuta na vitu vya ndani vimeharibiwa pamoja, madai yatakuwa mawili: la jengo linapitia kwa umoja, la kwako unapeleka mwenyewe.

Makala haya ni elimu ya jumla. Kinachotawala ni mkataba uliosaini. Usiporidhika na majibu, anza na barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikwama hapo, peleka lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha mkataba, risiti ya ada, fomu ya madai na barua ya kukataliwa. Wanaofika bila barua ya kukataliwa hulazimika kurudi kuifuata, na siku zinazidi kwenda.