Je, wajua kwa nini vyuo vya udaktari hupima tabia, si alama tu?

Mwanafunzi wa udaktari anaongoza darasa. Lakini raundi ya asubuhi wodini huifikia imeshafika katikati, majibu ya maabara aliyotumwa kuyafuatilia hayaonekani, na akiulizwa hakosi la kusema. Hilo ni la kumwita ofisini, au ni utoto utakaokwisha akishapata leseni?

Nchini Marekani swali hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2005, Maxine Papadakis wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco alichapisha na wenzake utafiti uliofukua mafaili ya zamani. Walichukua madaktari 235 waliowahi kuadhibiwa na mabaraza ya udaktari ya majimbo, wote wahitimu wa vyuo vitatu, wakawalinganisha na wengine 469 wa vyuo hivyohivyo ambao hawakuadhibiwa. Kisha wakasoma walimu waliandika nini juu yao enzi za uanafunzi. Kati ya kila 100 waliokuja kuadhibiwa, 39 hivi walikuwa na doa la tabia kwenye faili. Upande wa pili ni 19. Alama duni nazo zilihusiana na adhabu, ila kwa uzito mdogo zaidi.

Doa lenyewe ndilo linalonivutia. Mtu angetarajia wizi au ulevi. Yaliyojitokeza kwa nguvu ni mambo ya kila siku: kutowajibika kupita kiasi, yaani kutoonekana kliniki na kuacha kazi za mgonjwa zikining'inia, halafu kutokubali kurekebishwa, yule anayebishana kila akikosolewa. Ukitafakari, ina mantiki. Daktari hufanya mengi bila msimamizi, na kosa lake mara nyingi hulijua yeye na muuguzi wa zamu basi. Muuguzi akishajua kwamba kumwambia ni ugomvi, siku nyingine atanyamaza, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Lakini faili si ramli. Wale 19 walikuwa na madoa na baraza halikuwahi kuwagusa, pengine wengine kwa sababu kuna aliyewaita mapema.

Basi mtu mzima wa miaka 25 anafundishwaje mwenendo wa kazi? Si kwa muhadhara. Huo ataukariri na mtihani ataufaulu. Chuo cha Papadakis kilianzisha fomu maalumu katikati ya miaka ya 1990. Mwalimu akiona tatizo aliliandika, mwanafunzi akaitwa, wakazungumza na kupanga marekebisho. Fomu zikifika mbili katika miaka ya wodini, jambo hilo liliingia kwenye barua ya mkuu wa chuo iliyosomwa na hospitali alizoomba nafasi. Kwa maoni yangu, fomu kama hiyo hufanya kazi pale tu inapotaja tendo. Ukimwambia mtu "huna nidhamu", umemtukana, naye atajitetea. Mwambie "Jumanne ulifika saa 3, na damu ya mgonjwa wa kitanda cha 6 haikutolewa", hapo mna jambo la kuzungumza.

Kazi ngumu iko kwa wakubwa. Mwaka 1994, mwanasosiolojia Frederic Hafferty na mwenzake Ronald Franks waliandika juu ya mtaala uliofichika: yale ambayo mwanafunzi hujifunza kwenye korido bila mtu kumfundisha. Asubuhi anaambiwa darasani amheshimu mgonjwa. Saa nne, daktari bingwa anamjadili mgonjwa huyo mbele ya wodi nzima, kwa Kiingereza, kana kwamba hayupo pale kitandani. Atakachoondoka nacho ni cha saa nne. Na kwa ngazi zilivyo kwenye raundi zetu, bingwa juu, intern (daktari mpya aliye kwenye mafunzo kazini) chini, mwanafunzi mkiani, nani atamsahihisha bingwa?

Kati ya 2008 na 2011, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kikishirikiana na chuo hichohicho cha San Francisco, kilipitia upya mitaala yake ili mhitimu apimwe kwa anachoweza kutenda, na mwenendo wa kitaaluma ukawa miongoni mwa umahiri unaotakiwa. Huko ni kumpima mwanafunzi. Kuwapima wanaomfundisha kuna njia nyingine: Marekani, umoja wa vyuo vya udaktari huwapa wahitimu dodoso kila mwaka, likiwauliza pamoja na mengine kama waliwahi kudhalilishwa wakiwa masomoni na nani aliyewadhalilisha, kisha kila chuo hupelekewa majibu ya wanafunzi wake.