Ukungu mweusi wa nyumbani: ni kitu gani, na kuuondoa kitaalamu maana yake nini

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika karibu na Mei. Ikifika Januari, nyumba nyingi kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji zimeshaanza kutoa madoa meusi: kwenye kona ya silingi, nyuma ya kabati la nguo, chini ya dirisha la bafu. Anaitwa fundi rangi, anakwangua, anapaka, analipwa. Mvua za mwaka unaofuata anaitwa tena, ukuta uleule. Uondoaji wa ukungu kitaalamu ni kazi ya kukata mzunguko huo, na sehemu yake kubwa haihusu rangi wala dawa. Inahusu maji.

Ukungu ni fangasi. Huzaliana kwa chembe ndogo ziitwazo spora, zisizoonekana kwa macho, ambazo zimo hewani wakati wote, ndani ya nyumba na nje. Hakuna nyumba isiyo nazo na hakuna fundi anayeweza kuzimaliza; anayekuahidi kwamba atazimaliza anakuuzia maneno. Spora ikitua mahali penye chakula na maji inaota. Chakula kimejaa nyumbani: karatasi, mbao, nguo, ngozi ya viatu, hata vumbi lililoganda ukutani. Kinachobaki kuamua ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida ukungu hauwahi kuota. Kikiachwa wiki nzima kimelowa, tegemea kuuona.

Sifa ya “ukungu mweusi wenye sumu” imetoka Marekani, na mhusika wake ni fangasi aitwaye Stachybotrys chartarum. Alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1837 na mtaalamu August Corda, aliyempata kwenye karatasi ya kupamba ukuta katika nyumba moja mjini Prague. Tabia hiyo hajaiacha: anapenda karatasi na vitu vya jamii ya mbao vilivyolowa kwa muda mrefu, si unyevu wa siku mbili. Miaka ya 1993 na 1994, huko Cleveland, watoto wachanga kadhaa walitokwa na damu mapafuni, na lawama ikaangushiwa fangasi huyu. Mwaka 2000 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilipitia upya uchunguzi huo na kusema ushahidi wa kumhukumu hautoshi. Lakini hofu ilikuwa imeshasambaa, na biashara ya kuitibu nayo ilikuwa imeshafunguliwa.

Hii haina maana kwamba ukungu hauna madhara. Stachybotrys hutengeneza sumu kweli, ila spora zake hukaa kwenye utelezi na haziruki kirahisi zikiwa mbichi. Huruka zinapokauka na mtu akazisumbua. Kwa hiyo kukwangua ukuta mkavu kwa brashi ya waya, huku mlango uko wazi na watoto wanapita, ndiyo njia mbaya kuliko zote za kusafisha. Madhara yaliyothibitika zaidi ni yale ya kawaida, na yanaletwa na ukungu wa aina nyingi, wa rangi yoyote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Wanaoumia haraka ni watoto wadogo, wenye pumu, na wale ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia matundu kwenye mapafu naye ajihadhari, kwa sababu kuna fangasi wa kundi la Aspergillus wanaoweza kuweka makazi humo. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa mwenye nyumba. Mwaka 2023 bunge la huko lilipitisha sheria ya kuwabana wanaopangisha nyumba za jamii, zile za kodi nafuu za halmashauri na mashirika ya makazi, washughulikie hatari kama hizo kwa muda uliopangwa.

Watanzania wengi wakisikia sumu ya ukungu wanakumbuka sumukuvu, ile ya mahindi na karanga iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hayo ni mambo mawili. Sumukuvu inaliwa, na kipimo kinachoingia mwilini kupitia ugali wa kila siku ni kikubwa. Ukungu wa ukutani unavutwa na pumzi, na unachosha kifua taratibu.

Rangi nyeusi haikwambii ni fangasi gani. Cladosporium, Alternaria na Aspergillus niger nao ni weusi au wanakaribia weusi, na ndio wanaokutwa zaidi majumbani. Kuwatofautisha kunahitaji maabara, na jibu la maabara halibadilishi kazi: wote wanaondolewa kwa njia ileile. Pesa ya kipimo hicho ni bora ukanunulie bati.

Kabla ya kumwita mtu, hakikisha kwanza kama ulichonacho ni ukungu. Mafundi wetu wana kawaida ya kuita “fangasi” hata ule unga mweupe unaosukuma rangi na kuifanya ibanduke karibu na sakafu. Huo ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yanafika juu, yanakauka na kuacha chumvi yake nje. Ukiudondoshea maji unayeyuka, ukungu hauyeyuki. Jikoni kunakopikwa kwa kuni au mkaa, weusi wa ukutani unaweza kuwa masizi tu. Dondosha jiki kidogo iliyochanganywa na maji: ukungu hupauka baada ya dakika moja au mbili, masizi hubaki vilevile. Chumvi na ukungu vinaweza kukutana kwenye ukuta mmoja, maana mwenyeji wao ni yuleyule, unyevu.

Sasa maji yanatoka wapi? Hapa ndipo utaalamu unapoanza, na kwa maoni yangu ndipo theluthi mbili ya ada ilipaswa kwenda. Wenye vifaa hutumia kipima unyevu, kidude cha mkononi chenye pini mbili zinazochomekwa kwenye mbao au lipu, na kamera inayoonyesha sehemu za baridi ukutani. Lakini vifaa haviwezi kuchukua nafasi ya mtu kupanda juu ya paa.

Mtindo wa paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta hadi bati lisionekane, umeingia Kigoma kama ulivyoingia Tabora. Maji yote ya paa hilo yanakusanywa kwenye mfereji wa ndani. Majani ya mwembe yakiuziba, maji hayamwagiki nje; yanarudi ndani, juu ya silingi. Na silingi ya siku hizi ni jipsam. Jipsam yenyewe ni madini, fangasi hawaili, lakini bodi zake hufunikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi iliyolowa ndicho chakula alichokutwa nacho Stachybotrys pale Prague. Nyumba ya zamani ya Ujiji isiyo na silingi ilivuja vilevile, ila maji yalidondoka kwenye beseni na kila mtu akajua. Silingi inayaficha.

Chanzo cha pili ni lipu ya saruji juu ya tofali mbichi. Ukuta wa udongo unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuvika saruji na rangi ya mafuta pande zote, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani. Chokaa ilikuwa na akili zaidi kwa kuta hizo: inaruhusu unyevu kutoka, na ikiwa bado mpya ukali wake unazuia ukungu. Kwa walio karibu na maji, Ziwa Tanganyika lilipopanda kuanzia mwaka 2020, baadhi ya misingi ilianza kunyonya maji ambayo mafundi waliojenga hawakuyafikiria. Ukuta wa namna hiyo hautibiki kwa kupaka kitu chochote.

Chanzo cha tatu ni hewa tu. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, nguo zinaanikwa ndani kwa kuwa nje kunanyesha, kabati limegandamizwa kwenye ukuta wa nje. Mvuke unatua kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati, na weusi unaanzia hapo. Dawa yake ni kusogeza kabati kiasi cha kiganja na kufungua madirisha ya pande mbili mchana.

Chanzo kikishazibwa ndipo kuondoa kunaanza. Kampuni za kazi hii kwanza hutenga eneo: nailoni nzito na mkanda juu ya milango na matundu ya hewa, feni za chumba zimezimwa. Halafu huweka mashine inayovuta hewa ya chumba na kuitoa nje ikipitia chujio linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwa kuwa hewa inatolewa, mgandamizo wa ndani unakuwa mdogo kuliko wa vyumba vingine, hivyo hewa safi inaingia kwenye uchafu badala ya uchafu kutoka kwenda sebuleni. Wafanyakazi wanavaa barakoa za kuchuja chembe, miwani iliyoziba, glovu na ovaroli.

Kisha vinatenganishwa vitu. Vinavyonyonya, kama jipsam, silingi bodi laini, godoro na zulia, havisafishwi. Vinalowanishwa kidogo ili vumbi lisiruke, vinakatwa hadi kupita mwisho wa doa, maana mizizi ya fangasi huenda mbali kuliko rangi yake, vinafungwa kwenye mifuko na kutolewa bila kuburuzwa nyumba nzima. Vigumu, kama vigae, chuma, kioo na zege, vinaoshwa kwa maji na sabuni. Mbao za paa zinasuguliwa, zilizooza zinabadilishwa. Mwisho ni kukausha kwa mashine, kupima unyevu tena, na kukaguliwa na mtu ambaye si yule aliyesafisha. Ukiona anayepima ndiye anayeuza usafi, shika pochi yako.

Jiki inaingia wapi? Karibu haiingii. Kwenye vigae inafaa. Kwenye jipsam au mbao inapausha juu tu, weusi unapotea machoni na mzizi unabaki umepata maji ya ziada. Hata ukungu ukifa, spora zilizokufa bado zinaweza kumkera mwenye mzio, ndiyo maana kazi inaitwa kuondoa na haiitwi kuua. Na jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki wala amonia: hewa inayotoka hapo inaweza kumpeleka mtu hospitali kabla ukungu haujamfanya lolote.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani inasema doa lisilozidi takriban mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulishughulikia mwenyewe. Kwa mazingira yetu, ambako kazi hii kwa kawaida humwangukia fundi ujenzi, hata doa kubwa zaidi linaweza kufanyiwa vizuri bila mashine za bei, ilimradi mambo ya msingi yasirukwe. Nailoni ya kuziba mlango inapatikana dukani. Barakoa ya kuchuja chembe inapatikana. Ile ya kitambaa haitoshi. Dirisha la chumba husika liwe wazi na mlango wa kwenda ndani uwe umezibwa. Wenye pumu, wajawazito na watoto walale kwa jirani au kwa ndugu hadi kazi iishe. Palipoingia maji ya choo au ya mafuriko, au panapovuja kwa miezi, usimwachie kibarua mwenye tindo peke yake.

Muda nao ni kifaa. Jipsam iliyolowa ishushwe leo, hata kama mvua bado zinanyesha. Lakini lipu mpya, rangi na silingi mpya visubiri kiangazi, kati ya Juni na Septemba, jua na upepo vifanye kazi ambayo wenzetu wanailipia kwa umeme. Baba mwenye nyumba akitaka kupaka rangi Februari ili mpangaji mpya aingie Machi, anafungia maji ndani ya ukuta.

Kujua kama ukuta umekauka bila kipima unyevu kunawezekana. Kata nailoni inayoonyesha ndani, sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani kwa mkanda pande zote nne pasiwe na mwanya, uiache usiku kucha hadi kesho mchana. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, maji bado yamo ndani ya tofali. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba, fungua madirisha. Pande zote zikiwa kavu, mwite fundi rangi.