Tuvalu: visiwa tisa, jina la vinane

Kaskazini mwa Fiji, katika Bahari ya Pasifiki, kuna nchi ya visiwa tisa ambayo nchi kavu yake yote ni kilomita za mraba 26 tu. Kwa lugha ya wenyeji, tu ni kusimama na valu ni nane: Tuvalu, vinane vilivyosimama pamoja. Anayehesabu visiwa kwenye ramani hudhani jina limekosewa.

Halijakosewa. Jina linahesabu visiwa vilivyokaliwa na watu tangu zamani: Nanumea, Nanumanga, Niutao, Nui, Vaitupu, Nukufetau, Funafuti na Nukulaelae. Cha tisa, Niulakita, kiko kusini kabisa, mbali na wenzake, na ndicho kidogo kuliko vyote. Baharia wa Kihispania Álvaro de Mendaña alipokipita mwaka 1595 alikiita La Solitaria, yaani kilicho peke yake. Jamii inayokaa huko leo ilitoka Niutao, na ilianza kuhamia mwaka 1949.

Ramani za zamani zina jina jingine, Ellice. Mwaka 1819 nahodha Arent Schuyler de Peyster wa meli Rebecca aliona Funafuti, akakipa jina la Edward Ellice, mbunge wa Uingereza aliyekuwa na shehena ndani ya meli hiyo. Kilikuwa kisiwa kimoja tu. Wachora ramani ndio waliolitandaza jina hilo juu ya visiwa vyote tisa. Waingereza nao wakavitawala pamoja na visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni sehemu ya Kiribati, ingawa watu wa Gilbert ni Wamikronesia na wa Ellice ni Wapolinesia wenye lugha yao. Katika kura ya maoni ya mwaka 1974, zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura wa Ellice walichagua kujitenga. Mwaka uliofuata jina Tuvalu likawa rasmi, na uhuru ukapatikana tarehe 1 Oktoba 1978.

Bendera ya uhuru ilikuwa na nyota tisa. Mwaka 1995 moja iliondolewa ili zilingane na jina. Mwaka 1997 zote tisa zikarudishwa. Ukitaka kuzisoma kama ramani, kumbuka kwamba mashariki iko juu na kaskazini iko kushoto. Kwa hiyo Nanumea, kisiwa cha kaskazini-magharibi, kitafute chini upande wa kushoto wa kundi la nyota, na Niulakita upande wa kulia.