Daftari moja kwa ini na utumbo

Mama mmoja muuza dagaa alikuja kliniki yangu hapa Kigoma na madaftari mawili ndani ya mfuko mmoja. La kwanza lilikuwa la ini. Alikwenda kuchangia damu kwa ajili ya ndugu yake, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. La pili lilikuwa la tumbo: mwaka mzima wa kuhara damu, dawa za amiba mara nne, mpaka alipopelekwa Mwanza kupimwa kwa kamera. Huko wakakuta kolaitisi ya vidonda, yaani kinga ya mwili wake mwenyewe inaushambulia utumbo mpana.

Niliyasoma yote mawili ukurasa kwa ukurasa. La tumbo halikuwa na neno hata moja kuhusu ini. La ini halikujua kwamba anahara.

"Mama, haya madaftari hayajawahi kukutana?"

"Siku ya ini naleta la ini, daktari. Siku ya tumbo naleta la tumbo. Ndivyo nilivyoelekezwa."

(Mambo kadhaa ya mama huyu nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Mwilini viungo hivi viwili havijawahi kutengana. Damu inayotoka utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini kwa mshipa mmoja mkubwa, na karibu robo tatu ya damu yote inayolifikia ini huletwa na mshipa huo. Kidonge ulichomeza kwa ajili ya tumbo, ini ndilo linalokipokea la kwanza. Kwa hiyo mgonjwa mwenye maradhi yote mawili hawezi kutibiwa kama watu wawili.

Ninachokiogopa kuliko vyote ni prednisoloni kuanzishwa bila ini kuangaliwa. Dawa hii ni nzuri, na utumbo ukiwaka moto huwa naiandika bila kusita. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili. Lakini kwa mtu aliyeishi na virusi vya B zaidi ya miezi sita, kinga hiyohiyo ndiyo mlinzi anayevizuia virusi visizaliane ovyo. Ukimlaza mlinzi, virusi vinajaa kwenye ini kimyakimya, bila maumivu. Kisha tunapoanza kupunguza dozi, mlinzi anaamka, anakuta chembe za ini zimejaa adui, anazishambulia zote kwa pamoja. Hapo ndipo macho yanapogeuka njano, wakati ambao mgonjwa na daktari wanadhani mambo yamekwisha.

Hili limenipata. Nikiwa daktari kijana, katika hospitali nyingine, nilimwanzishia kijana mmoja prednisoloni miligramu 40 kwa siku. Ndani ya siku kumi damu chooni ilikata, akanishukuru, mama yake akaniletea kuku. Tulikuwa tukipunguza miligramu tano kila wiki. Tulipofika 10 akarudi amechoka, hali chakula, mkojo kama chai ya rangi, macho yamegeuka. Sikuwa nimempima homa ya ini. Kipimo chenyewe ni tone la damu na dakika 15 za kusubiri. Alilazwa wiki tano, akapona. Tangu siku hiyo siandiki prednisoloni, azathioprini wala dawa nyingine ya kushusha kinga kabla sijaliona jibu la kipimo hicho. Hata aliyepona zamani namuuliza, kwa sababu mbegu ya virusi hubaki imejificha ndani ya chembe za ini.

Jibu likionyesha virusi, tumbo linatibiwa vilevile, ila ini linawekewa ngao kwanza. Mara nyingi ni tenofoviri, dawa ya kuvizuia virusi, kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku. Huanza kabla ya dawa ya utumbo au siku moja nayo, na huendelea miezi 6 hadi 12 baada ya dawa za kushusha kinga kukoma. Mwenye makovu kwenye ini huendelea nayo maisha yake yote. Wengi huiacha tumbo likitulia, na ukiiacha ghafla virusi vinaweza kulipuka upya. Tafadhali usiiache bila kuzungumza na anayekutibu.

Tatizo kubwa la tenofoviri mtaani ni kopo lake. Watu wanalifahamu kwa sababu dawa hiyo imo pia kwenye vidonge vya wanaoishi na VVU (ndiyo maana lazima upimwe VVU kabla ya kuipewa peke yake; mwenye VVU anahitaji mchanganyiko kamili). Mama yule aliogopa majirani, akavihamishia vidonge vyake kwenye kichupa cha mafuta ya kupaka. Alipokifungua mbele yangu, vilikuwa vimelowana kwa unyevu, vingine vimepasuka, vimeshikana kama pipi zilizoyeyuka mfukoni. Alikuwa akimeza hivyohivyo. Sikumlaumu, aibu ya mtaani ni mzigo wa kweli. Tulikubaliana abandue karatasi ya jina, kopo libaki lilelile pamoja na kile kipakiti cha ndani cha kunyonya unyevu, alifunge kwa kitambaa ndani ya sanduku la khanga.

Jambo jingine lililomtisha ni mkojo wa rangi ya chungwa. Alijua ini limeharibika. Kumbe ni salfasalazini, dawa yake ya utumbo, ambayo hutia mkojo rangi hiyo bila madhara. Na sisi tunaokula mawese kila siku tunaweza kupata viganja vya unjano, kwa sababu ya rangi iliyomo kwenye mafuta yenyewe. Kwa hiyo usihukumu kwa mkojo wala kiganja peke yake. Toka nje asubuhi, kwenye mwanga wa jua, mtu aangalie weupe wa jicho lako. Ukiwa njano, njoo siku hiyohiyo.

Ukiandikiwa azathioprini, chembe za damu na hali ya ini hupimwa kila baada ya wiki chache miezi ya mwanzo, baadaye kila miezi mitatu. Vipimo hivyo usiviruke hata kama unajisikia mzima.

Diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, iache kabisa: inaweza kuamsha vidonda vya utumbo, na kwa mwenye makovu ya ini inaumiza figo. Parasetamo inafaa zaidi kuliko watu wanavyodhani, ila ini lenye makovu lisivuke vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku. Mizizi na magome ya kusafisha ini, hapana.

Chakula je? Kula. Nimewaona watu waliokatazwa samaki na maharage na jamaa zao mpaka wakabaki mifupa, wakati ini bovu linahitaji protini zaidi. Dagaa wetu ni dawa, ila aliyejaa maji tumboni aepuke waliotiwa chumvi. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usiwape hata kuku. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ikikutana na virusi vya B hatari ya saratani ya ini huongezeka sana. Ndiyo maana natafuta saratani kwa ultrasaundi kila miezi sita kwa walio hatarini.

Mume wa mama yule na watoto wake tumewapima pia. Wawili waliokuwa hawajakingwa wamechanjwa.

Siku hizi analo daftari moja. Kurasa za kushoto ni za ini, za kulia za utumbo, na binti yake wa kidato cha pili ndiye mwandishi. Prednisoloni imekwisha, tenofoviri inaendelea. Safari iliyopita nilikuta binti ameongeza safu ya tatu, aliyoipiga mstari kwa rula: rangi ya macho ya mama, anayoyaangalia kila Jumamosi asubuhi nje ya mlango.