Je, wajua jinsi mtandao bora unavyopatikana bila kujaribu mitandao yote?

Tuchukue miji 40 inayotakiwa kuunganishwa kwa nyaya za umeme, kwa sharti kwamba kila mji ufikiwe na jumla ya urefu wa nyaya iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kwa kuwa kila mji unaweza kuunganishwa na mingine 39, kuna njia 780 zinazoweza kujengwa, na kati ya hizo zinahitajika 39 tu, maana njia 39 zikichaguliwa vyema hutosha kuifikia miji yote. Swali linaonekana dogo. Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa na mwanahisabati Mwingereza Arthur Cayley mwaka 1889 inaonyesha kwamba idadi ya mipango ya aina hiyo kwa miji 40 ni 40 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 38, yaani nambari yenye tarakimu 61. Kompyuta yenye uwezo wa kukagua mipango bilioni moja kila sekunde, hata kama ingelikuwa kazini tangu ulimwengu uanze, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, isingelikuwa imekagua hata chembe ya mipango hiyo.

Na bado kompyuta ya kawaida hulipata jibu sahihi kufumba na kufumbua. Kinacholeta tofauti hiyo si kasi ya mashine, bali ni hoja iliyotangulia mashine. Jambo hili hupotea machoni mwa wengi, kwa sababu sayansi ya kompyuta huchukuliwa kuwa elimu ya vifaa, ilhali sehemu yake inayowafaa zaidi wabunifu wa mitandao ni elimu ya kufikiri juu ya hatua: ni hatua zipi zinahitajika, zinaongezekaje tatizo linapokua, na ni zipi zinazoweza kuachwa bila hasara.

Ushahidi mmoja ni kwamba swali letu la umeme lilijibiwa mwaka 1926, kabla ya kompyuta za elektroniki kuwako. Otakar Borůvka, mwanahisabati wa mji wa Brno katika Chekoslovakia ya wakati ule, aliletewa swali hilo na rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la umeme la Moravia Magharibi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1956, Mmarekani Joseph Kruskal alichapisha namna nyepesi zaidi ya kulijibu. Zipange njia zote 780 kuanzia fupi hadi ndefu, kisha zichukue moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo, ukiiruka kila njia ambayo ingeunganisha miji iliyokwisha kuunganika. Zikitimia 39, kazi imekwisha.

Msomaji makini atauliza kwa nini uchoyo wa namna hii usimponze mbunifu, kwani mara nyingi anayechukua kilicho rahisi leo hulipa zaidi kesho. Jibu linastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Igawe miji katika makundi mawili kwa namna yoyote upendayo. Mpango wowote unaounganisha miji yote hauna budi kuwa na angalau njia moja inayovuka kutoka kundi hili kwenda lile. Sasa itazame njia fupi kuliko zote zinazovuka. Akitokea mtu mwenye mpango usioitumia, tutaiongeza katika mpango wake, na papo hapo utatokea mzunguko, kwa sababu miji miwili iliyo kwenye ncha za njia hiyo ilikuwa tayari imeunganishwa kwa kupitia mingine. Mzunguko huo ni lazima uvuke mpaka wa makundi mahali pengine pia, kwa njia ambayo si fupi kuliko ile tuliyoongeza. Tukiiondoa hiyo nyingine, miji yote itabaki imeunganika na urefu wa nyaya hautakuwa umezidi. Kwa hiyo njia fupi inayovuka inaweza kuchukuliwa bila kuhofia majuto, na kila njia anayoichukua Kruskal ni ya aina hiyo, ikiwa kundi moja ni miji iliyokwisha kuunganika na ncha yake moja, na kundi la pili ni miji mingine yote.

Hoja hiyo fupi inaifuta mipango yenye idadi ya tarakimu 61 bila kuigusa hata mmoja. Miji ikiongezeka kutoka 40 hadi 80, idadi ya mipango inafikia nambari yenye tarakimu 149, lakini njia za kupangwa zinaongezeka kutoka 780 hadi 3,160 tu. Wanasayansi wa kompyuta wanapozungumzia ufanisi wa algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kutatua tatizo, kipimo wanachokijali kwanza ni hicho cha jinsi kazi inavyokua, kwa sababu mashine mpya inaweza kuongeza kasi mara kumi au mara mia, lakini haiwezi kuufuta ukuaji wa namna ile.

Mtandao mfupi kuliko yote una udhaifu wake, nao hautibiki kwa hesabu ya urefu peke yake: waya wowote ukikatika, mtandao unagawanyika vipande viwili. Paul Baran wa taasisi ya RAND nchini Marekani alilichunguza suala hilo kwa ajili ya mawasiliano yaliyotakiwa kuhimili shambulio la nyuklia, na katika ripoti alizotoa mwaka 1964 alionyesha, kwa kuigiza uharibifu ndani ya kompyuta, kwamba viungo vikiwa takriban mara tatu ya idadi ya chini kabisa, mtandao unaweza kustahimili mapigo mazito sana. Matokeo hayo yalikuwa na maana kubwa, kwani wengi wangedhani kwamba uimara wa kiwango hicho hudai kila kituo kiunganishwe na vingine vyote. Baran alipendekeza pia kwamba ujumbe ukatwe katika vipande vidogo na kila kituo kiamue chenyewe kipande kielekezwe wapi, fikra ambayo Donald Davies wa Uingereza aliifikia kwa njia yake mwenyewe. Mtandao wa ARPANET, mtandao wa kompyuta wa Marekani uliotangulia intaneti, ulipoanza mwaka 1969 ulijengwa juu ya fikra hiyo: kila kituo kilipata kwa majirani makadirio ya muda wao hadi mwisho wa safari, kikajumlisha muda wa kuwafikia, kikachagua ulio mdogo.

Uamuzi unaofanywa na kila mmoja peke yake una hatari yake, na hatari hiyo ilijitokeza wazi Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley, mahali palipotengana kwa mita zisizofika 400, kasi ya data ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Pakiti, yaani vile vipande vidogo vya ujumbe, zilipochelewa kwa sababu ya msongamano, kompyuta zilizozituma zilidhani zimepotea, zikazituma tena, na nakala hizo zikazidisha msongamano uliozichelewesha zile za kwanza. Kila kompyuta ilikuwa ikitenda lililo la busara kwa upande wake, na jumla ya busara hizo ikauzima mtandao.

Van Jacobson na Michael Karels walichapisha tiba yake mwaka 1988. Sehemu yake kuu ni kanuni ya kuongeza kwa kujumlisha na kupunguza kwa kugawanya: pakiti zikifika salama, mtumaji aongeze kasi kidogo kidogo, pakiti ikipotea, aikate kasi yake nusu. Uzuri wake, ambao kwangu ni miongoni mwa mambo ya kupendeza kuliko yote katika fani hii, ni kwamba kanuni hiyo huleta haki bila hakimu. Tuseme njia inabeba vipimo 80, na watumaji wawili wanatumia 20 na 60. Njia imejaa, kila mmoja anakata nusu, wanabaki na 10 na 30. Wanapanda kwa kiasi kilekile, 20 kila mmoja, wanafika 30 na 50, njia inajaa tena. Wanakata, wanapanda, sasa wako 35 na 45. Kupanda pamoja hakubadilishi tofauti iliyo kati yao, lakini kila mkato huigawa tofauti hiyo kwa mbili, kwa hiyo iliyokuwa 40 imekuwa 20, kisha 10, na itaendelea kupungua, ingawa hakuna anayejua mwenzake anatumia kiasi gani wala kama yupo. Dah-Ming Chiu na Raj Jain walilithibitisha hilo kihisabati mwaka 1989.

Si kila swali la mitandao lina jibu jepesi la namna hii. Turudi kwenye miji yetu na tubadilishe sharti moja tu, kwamba nyaya ziruhusiwe kukutana mahali pasipo na mji. Kwa miji mitatu iliyo kwenye pembe za pembetatu yenye pande za kilomita 100, mpango wa Kruskal unahitaji kilomita 200, ilhali kituo kimoja kikiwekwa katikati zinatosha takriban 173. Ruhusa hiyo ndogo hugeuza tatizo kuwa gumu kupindukia. Richard Karp aliliweka mwaka 1972, vituo vikichaguliwa kutoka orodha ya mahali panapojulikana, miongoni mwa matatizo 21 ambayo mpaka leo hakuna aliyeyapatia algoriti ya haraka kwa hali zote, wala aliyethibitisha kwamba haiwezi kuwako.

Hata hapo hoja humsaidia mbunifu. Fikiria mtandao bora wenye vituo vya ziada, hata kama hatuujui, na uuzunguke kwa kupita kila waya mara mbili hadi urudi ulikoanzia. Utakuwa umeifikia miji yote. Iunganishe sasa miji moja kwa moja kwa utaratibu ulioifikia. Kwa kuwa njia ya moja kwa moja haizidi ile ya kuzunguka, urefu wote hautazidi mara mbili ya ule bora, na mpango wa Kruskal hauzidi huo. Mbunifu anapata hivyo dhamana juu ya umbali wake kutoka kwenye jibu asilolijua. Mwaka 2010 watafiti walitangaza mbinu iliyoifikisha dhamana hiyo mara 1.39, na tatizo lenyewe lingali wazi.